Kopo la Digidigi

Mdogo wangu ana kopo. Zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia, la manjano, picha ya alizeti imefutika upande mmoja kwa kushikwashikwa. Kila akitoka Lokiriama kuja Lodwar kumwona mama, hulileta limejaa nyama ya digidigi iliyokatwa nyembamba, ikaanikwa, ikakaangwa mpaka ikawa ya kahawia, kisha ikafunikwa kwa mafuta ya mbuzi isiharibike. Mama hulipokea kwa mikono miwili. Mimi nikimletea unga, sukari, majani ya chai na tumbaku ya kutafuna, hupokea kwa mkono mmoja, na ule mwingine unaendelea na shughuli zake.

Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nataka kusimulia habari za wanyama. Wanyama wamo, na sheria imo, lakini kilichonifanya niandike ni lile kopo. Nimelionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mwenye nyumba ya mawe.

Mimi ndiye kifungua mimba wa mama, yeye ndiye kitinda mimba. Niliolewa Kakuma, na huko nina kibanda cha chai karibu na soko, nauza chapati na maharagwe kwa wenyeji, wakimbizi na yeyote mwenye njaa. Yeye aliolewa kule Lokiriama, mpakani, na mwanamume aliyejulikana kwa mitego. Shemeji yangu alikuwa anajua mahali digidigi anapolala, anapojikuna na anapokwenda haja, maana digidigi ana choo chake na hurudi palepale kila siku kama mtu mstaarabu. Ukitaka kumpata, unatega hapo. Mtu akioa na ujuzi huo, wakwe hula vizuri.

Mama anaishi upande wa mto, penye mikoma. Tulimjengea nyumba ya mabati, akasema ni jiko, akahamishia humo mbuzi mgonjwa, na yeye akarudi kulala katika kibanda chake cha makuti. Kopo hukaa juu, limening'inizwa kwenye mti wa paa. Akija mgeni, mama huagiza literemshwe, hulifungua, humwacha mgeni anuse, kisha humpa kipande kimoja. Mchungaji wa kanisa amekula. Jirani muuza samaki amekula. Hata fundi aliyekuja kutengeneza taa ya sola alikula, akatoka akijilamba vidole. Mimi, mtoto wake wa kwanza, sikuwahi kupewa.

"Wewe ni mtu wa kamati," mama alikuwa akiniambia, anafunga kifuniko.

Hiyo kamati ni ya Lopur, ambako mbuzi wetu wanachungwa na ndugu ya mume wangu. Sheria ya nchi inakataza kuwinda tangu sijazaliwa, na watu wa kwetu walikuwa wanaiita sheria ya wenye magari, kwa sababu ilikuja na gari na gari likiondoka nayo inaondoka. Lakini ilifika wakati digidigi wakawa hawaonekani tena. Laga zile, mito yetu ya mchanga, ambazo tukiwa wasichana tulikuwa tukikata kuni tunawaona wawili wawili kila kichaka, zikabaki na nyayo za mbuzi tu. Ikaitishwa baraza. Wenyeji walisema ni wakimbizi wanaowamaliza. Wakimbizi waliokuwepo walisema wao hununua tu kinacholetwa na wenyeji. Wazee walisema ni vijana wa pikipiki na tochi zao. Kila mmoja alikuwa na kidole na kila kidole kilikuwa na pa kuelekea, mpaka jua likatuchosha sote, tukakubaliana: kutoka kilimani mpaka laga kubwa, hakuna mtu kutega wala kuua hata mmoja, mpaka sisi wenyewe tuone watoto wa digidigi wakizaliwa tena.

Niliwekwa kwenye kamati ya kulisimamia hilo kwa sababu nina sauti. Na kwa kuwa nina sauti, nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba mama yangu mzazi anaipenda nyama ile kuliko zote, na mimi mwenyewe sitampelekea. Watu walipiga makofi. Nilirudi Kakuma siku ile nimejaa, hata chapati zangu zilikuwa kubwa.

Nilipokwenda Lodwar, habari ilikuwa imenitangulia.

"Nasikia umeninyima chakula hadharani," mama alisema, hata kabla sijamaliza kumsalimu, ejok. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni yake, kopo mapajani.

Basi hapo ndipo wivu ulipofanya kazi yake. Nilimvuta mdogo wangu nje, nikamuuliza kama mumewe bado anatega.

"Si unajua mambo ya kule, dada," alisema, akatazama miguu yake.

Nikaona nimemshika. Nilikuwa na namba ya askari wa wanyama kwenye simu, nilipewa na kamati. Usiku na mchana niliibeba namba ile. Ningepiga, shemeji yangu angefuatwa, kopo lingekauka, na mimi ningekuwa nimetimiza wajibu wa raia mwema. Kilichonizuia ni kwamba kila nilipojisikiliza nikipanga maneno ya kumwambia askari, sikuwa nasema digidigi. Nilikuwa nasema kopo. Nilijua nikiitumia sheria kumpiga mdogo wangu, haitakuwa sheria tena mkononi mwangu, itakuwa fimbo kama fimbo nyingine. Niliiacha namba ilale, ingawa sikuifuta.

Mwaka huu ukame ulirudi na mama akaanza kukonda. Kliniki walimpima, wakasema hana ugonjwa, ana uzee, ale vizuri na asikae peke yake. Tukaambiana kwa simu, mimi na mdogo wangu, kwamba ahamie kwa mmoja wetu. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Nilimpigia chumba lipu, nikaweka chandarua, nikachagua upande wenye upepo. Nilitaka mama aje Kakuma. Nilitaka watu wapite kibandani wamwone ameketi kwangu, wajue ni wangu. Tulipomuuliza, alisema tukutane wote Jumapili baada ya kanisa, atatoa jibu.

"Nitakwenda mahali nitakapokula vizuri," alisema, akakata simu.

Nilimsimulia jirani yangu wa sokoni, mama Mkongo anayeuza samaki wa kukausha. Alinisikiliza huku akifukuza nzi.

"Umupelekee tu hiyo nyama, dada," alisema. "Mama iko moja. Masheria iko mingi."

"Nimesimama mbele ya watu nikasema sitapeleka."

"Na hao batu, njo balikuzaa?"

Siku moja kabla ya ile Jumapili nilikwenda Lopur kuchagua mbuzi wa kumchinjia mama. Shemeji wa huko, yule anayetuchungia, alinitembeza kati ya wanyama, na kwa kweli ilikuwa aibu kuwaita mbuzi. Mbavu zilihesabika kwa mbali. Aliyekuwa na nyama kidogo alikuwa ananyonyesha. Nikamwambia abaki nao, nitanunua paja buchani Lodwar, nikarudi barabarani kwa miguu nikifuata laga, kisu cha kuchinjia kikiwa bado mfukoni mwa mkoba.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Digidigi akishtuka hupiga mluzi kwa pua, zik, zik, kama mtu anayemwita mtoto kwa siri. Alikuwa palepale penye choo chao, mguu wa nyuma umebanwa na waya, kichaka alichofungiwa kimepukutika majani kwa kurukaruka kwake. Alikuwa jike, mnene kiasi cha kushangaza kwa mwaka kama huu. Wana lile doa jeusi chini ya jicho, ukiwatazama unadhani wamelia wino. Aliniona, akalala chini, akanyamaza.

Hakukuwa na mtu. Nilitazama pande zote, kwenye mchanga kulikuwa na nyayo zangu tu na za jana za mwingine. Nikapiga magoti na kisu nikakitoa.

Nitasema yaliyonipita kichwani, maana nikiyaficha mtasema mimi ni mtakatifu. Nilijiambia sikumtega mimi. Nilijiambia amekwisha kunaswa, nikimwacha aliyetega atakuja, kwa hiyo amekwisha kufa, tofauti ni nani atakula. Nilijiambia tulikubaliana watu wasitege wala wasiue, hatukusema neno juu ya kuokota. Nilikuwa mwanakamati, maneno yale niliyajua moja moja, na nikayapekua kama mtu anayetafuta shimo kwenye ua wa jirani. Kisha nikaona mikono miwili ya mama. Niliiona kabisa, ikipokea kitu kutoka kwangu, na mdogo wangu ameketi na kopo lake mapajani hana wa kumpa.

Nilitamani kuliona hilo hata mate yakanijaa mdomoni, na hayakuwa mate ya nyama.

Dume lake lilikuwa limesimama chini ya mti wa mswaki, si mbali. Halikukimbia. Lilipiga mluzi wake, likangoja, likapiga tena. Natamani niseme ni huruma iliyonishinda, ingekuwa hadithi nzuri. Huruma ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Yale makofi ya Lopur niliyakumbuka pia, nikaona haya. Ila kilichonirudisha hasa ni wivu wangu wenyewe. Niliwaza kwamba nikimpelekea mama nyama ile, na akiipokea kwa mikono miwili, nitakuwa nimemwiga mdogo wangu. Nitakuwa nimepata kopo la pili. Na nilitaka kupendwa kwa changu, si kwa chake.

Nikalegeza waya. Shukrani yake ilikuwa teke, ukwato ukanichana kifundo cha mkono, na kabla sijashika jeraha wote wawili walikuwa wamezama vichakani. Nikafungua waya pale ulipofungwa, nikaukunja, nikautia mkobani ili aliyeutega anunue mwingine.

Jumapili nilifika kwa mama na paja la mbuzi lililofungwa kwenye gazeti. Mdogo wangu alikuwa amefika tayari. Kopo lilikuwa katikati yao, juu ya ngozi, limejaa. Nikapewa kigoda. Mama alipokea paja kwa mkono mmoja, akaliweka nyuma yake, akaninyooshea mkono uleule kudai tumbaku. Nikaingiza mkono mkobani, nikavuta tumbaku, na ule waya ukatoka nayo, ukaangukia mapajani mwa mama.

Nilikuwa nimeusahau kabisa. Mama aliuokota. Ulikuwa na manyoya yamenasa kwenye kitanzi, mafupi, ya kijivu. Akayasugua kwa vidole, akanusa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ikielekezwa kwangu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Mnyama. Umemwacha kwenye gari?"

Mdogo wangu alinitazama. Ningeweza kudanganya, nikasema ameibwa njiani. Nikasema nilimfungua. Mama alitazama kidonda cha mkono wangu, akatazama waya, na nikaona ule uso ukifungwa tena taratibu kama duka la mtu aliyekosa wateja.

"Baba yako," alisema mwishowe.

"Baba amefanya nini?" Baba yetu amekufa siku nyingi.

"Mwaka ule nina wewe tumboni hapakuwa na mvua. Baba yako alikuwa na mtego mmoja. Nikakaa nikingoja, siku nzima nawasha moto wa nyama. Akaja mikono mitupu, anatabasamu, akaniambia, leo nimekuta jike lina maziwa, nikalifungua. Akaniambia kama mtu anayeleta habari ya harusi." Alitema tumbaku pembeni. "Sikuzungumza naye mpaka ulipozaliwa. Na ulizaliwa mwembamba, mkunga alikuficha nisikuone."

Hakuwahi kutusimulia hilo. Mdogo wangu naye alikuwa hajui, nilimwona. Nikaelewa kwa nini mama ananusisha watu lile kopo, na kwa nini mimi, kila nikileta habari zangu za kamati, anaangalia kando. Nilikuwa namletea baba.

Mama akavuta kopo, akafungua kifuniko, akachimba ndani ya mafuta na kutoa kipande. Akakinyoosha kuelekea mdomoni kwangu, kama tunavyolishwa tukiwa wadogo.

"Leo utakula," alisema. "Njaa ile ilikuwa yako pia."

Nimeandika mengi juu ya wivu, lakini sikumbuki kutaka kitu kama nilivyotaka kipande kile. Harufu ya moshi ilinifika. Mkono ule ulikuwa wa mtu mzee, na kukataa chakula kinachotoka mkononi mwa mama yako si jambo dogo kwetu wala kwa yeyote. Kama ni kumshinda mdogo wangu, nafasi ilikuwa hiyo, ningefungua mdomo tu. Kumla digidigi wa kopo si kumtega. Lakini nilishapita kwenye shimo hilo la ua jana, nikajua linakotokea.

"Mama, sitakula," nilisema.

Mkono haukushuka. Ulikaa pale hewani kati yetu, mafuta yakimtiririka kwenye kifundo, mpaka mdogo wangu aliposema, kwa sauti ndogo, akiangalia miguu yake kama siku ile:

"Kula, dada. Ni mbuzi."

Nikamwangalia. Akaendelea haraka, kama anayetua mzigo. Mumewe aliacha kutega tangu baraza la Lopur. Habari za yale niliyosema zilifika mpaka Lokiriama, watu wakamuuliza, wewe si ndiye unayemlisha mama mkwe? Akasema hawezi kumwaibisha shemeji yake mbele ya watu. Akaung'oa kila waya. Mdogo wangu, kwa kuogopa mama asile, akawa anachinja mwanambuzi, anakata nyembamba sana, anakausha kwa moshi wa mti uleule, na kusema ni digidigi. Miaka yote hiyo niliyobeba namba ya askari, kopo lilikuwa la mbuzi.

Sikujua nimtazame nani. Nilimtazama mama, nikidhani atalia au atatukana.

"Meno sina, lakini ulimi ninao," mama alisema. "Nilijua tangu kopo la kwanza."

"Na hukusema?" mdogo wangu aliuliza.

"Ningesema, ungeacha kuleta."

Nikala. Mkono wa mama ulikuwa na ladha ya chumvi na tumbaku, na nyama ilikuwa nzuri, laini kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kupika mimi na makaa yangu. Nilitafuna nikijua kwamba kule Lopur mimi nilisimama nikapigiwa makofi, na Lokiriama mtu aliung'oa mtego wake bila makofi, na mke wake akakubali nimwone mwizi wa wanyama ili mama yetu ale. Nilikuwa nimemwonea mdogo wangu wivu kwa kuvunja mpaka wa sheria. Sasa ilinibidi nimwonee wivu kwa kuutunza vizuri kuliko mimi. Hata hapo alinishinda, na sikufurahi.

Mama alifuta vidole kwenye ngozi, akamwambia mdogo wangu, "Nitakwenda kwako."

"Kwangu kuna chumba," nilisema. "Kina upepo."

"Najua. Kwako chakula ni kizuri," mama alisema, na alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma. "Lakini huja na maneno."

Alihamia Lokiriama na kigoda chake, ngozi yake na yule mbuzi wa nyumba ya mabati. Chumba changu cha Kakuma sasa kina magunia ya unga. Chandarua sijakiondoa.

Majuzi nilikuwa Lopur tena kuona mbuzi. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha, mswaki umechipua. Nilipita pale penye choo chao, na walikuwepo, jike na dume, na kati yao kitu kidogo chenye masikio makubwa na miguu kama vijiti vya kibiriti. Nilikaa chini kwenye mchanga. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, na nilitaka sana kumwambia mtu, kwa hiyo nikapiga simu Lokiriama. Mama alipokea mwenyewe. Nikamweleza kila kitu, mahali, masikio, jinsi kilivyosimama.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Amenona?" aliuliza.

Nikasikia mdogo wangu akicheka, karibu na simu, karibu kabisa na bega la mama.